Siku Nne Madrid: Mimi, Mume Wangu na Picha za Watu

Nianze kwa kukiri: mimi si mtu wa makumbusho. Nimekulia Dar es Salaam, na Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert niliingia mara moja tu, nikiwa darasa la tano, tumepangwa mistari miwili na mwalimu ana fimbo mkononi. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba siku moja nitasafiri hadi Hispania, nisikanyage ufukweni wala kwenye maduka ya viatu, nishinde siku nne nikitazama picha za watu waliokufa zamani, ningemcheka mpaka nikae chini.

Lakini ndivyo ilivyokuwa, Januari 2024. Na kilichonipeleka haikuwa sanaa. Ilikuwa ndoa.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kampuni ya utalii. Kila Januari jijini Madrid hufanyika FITUR, moja kati ya maonyesho makubwa ya utalii duniani, na mwaka ule ofisi yake ilimteua akasimame bandani kugawa vipeperushi vya Serengeti na Zanzibar. Akaniambia, "Twende wote. Hoteli imeshalipwa, wewe tafuta nauli tu." Alisema hivyo macho yako kwenye televisheni. Nilitaka kukataa. Dada yangu ndiye aliyenibana: "Nenda, mdogo wangu. Mkishindwa kuongea huko mtakuwa mmejua moja."

Maana tulikuwa hatuongei. Sio kwamba tulinuniana, hapana. Kuhusu luku tuliongea, kuhusu gari, kuhusu michango ya harusi za watu. Kitu ambacho hakikuongelewa kilikuwa kimoja. Septemba 2022 nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nyumba nzima walikuwa wananiita Mama Kijacho, na aliyeanzisha ni yeye. Hata ujumbe wa simu aliuanza hivyo. Kisha tukampoteza mtoto. Siku niliyotoka hospitali mume wangu akaniita kwa jina langu, jina ambalo hakulitumia tangu enzi za uchumba, na habari ile ikafungwa hapo. Siku ya nne akarudi kazini. Mimi ni mhasibu, nahesabu kila kitu. Siku ya nne.

Basi msomaji wangu, huo ndio mzigo niliopanda nao ndege, na haukupimwa kwenye mizani ya uwanja.

ALHAMISI: MALKIA WA UPWEKE

Siku za wafanyabiashara pale FITUR ni Jumatano hadi Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi nilikuwa peke yangu. Baridi ya Madrid mwezi Januari si ya mchezo. Nilivaa kila nilichobeba, na kitenge juu. Mwenye hoteli, mama mmoja mtu mzima, alinionea huruma akanichorea ramani kwenye karatasi. Alichora barabara moja pana yenye miti, Paseo del Prado, akaweka misalaba mitatu: Prado, Thyssen, Reina Sofía. Majumba matatu makubwa ya picha, unatembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine. Nikajisemea, angalau ndani kuna joto.

Prado ilifunguliwa mwaka 1819, na ukitaka kuielewa kumbuka kwamba kiini chake ni hazina za wafalme. Sio mkusanyiko wa mtu aliyekaa akapanga historia ya sanaa. Ni vitu ambavyo familia moja baada ya nyingine ya kifalme ilivipenda, ikavinunua au ikaagiza vichorwe. Ndiyo maana unakuta wafalme kila ukuta, wake zao, watoto wao, mbwa wao. Kiingilio ni euro 15. Picha kwa simu ni marufuku, na wale walinzi hawana utani. Mwanzo nilikasirika, maana nilishapanga nitaweka nini kwenye status. Baada ya nusu saa nikaona raha yake. Ukinyimwa kupiga picha, inabidi uangalie.

Picha ambayo watu wote wanaifuata pale ni Las Meninas ya Diego Velázquez, ya mwaka 1656. Ina urefu wa zaidi ya mita 3. Katikati kuna binti mfalme, Margarita, mtoto wa miaka mitano, amezungukwa na wasaidizi wake. Mchoraji mwenyewe amesimama pembeni na brashi, anakutazama wewe. Nyuma kabisa ukutani kuna kioo kidogo, na ndani ya kioo wanaonekana mfalme na malkia. Maana yake nini? Maana yake wao wamesimama pale uliposimama wewe. Mbele yangu watoto wa shule ya awali walikuwa wamekaa sakafuni na mwalimu wao, wanabishana nani anamtazama nani. Nikafikiria ile fimbo yangu ya darasa la tano.

Lakini aliyenishika moyo siku ile si binti mfalme. Ni mtu anaitwa Juan de Pareja, Mhispania mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa mji wa Antequera, kusini mwa nchi. Alikuwa mtumwa wa Velázquez. Mwaka 1650 wakiwa Roma, bwana wake alimchora picha ambayo leo iko New York, na mwaka huohuo akasaini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Nne zaidi! Alipokuwa huru Pareja akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha yake kubwa ya mwaka 1661, ya Yesu akimwita Mathayo, iko Prado, na pembeni kabisa kushoto amejichora yeye, amevaa vizuri, ameshika karatasi yenye sahihi yake. Hamtazami Yesu. Anatutazama sisi, kama anayesema: mimi nilikuwepo. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma, nikatamani mtu wa kumwonyesha.

Hiyo ndiyo shida ya kutembea makumbusho peke yako.

Chakula cha mchana nilikosea saa. Nilikwenda mgahawani saa 6 mchana nikaonekana mshamba. Madrid watu wanakula saa 8, saa 9, na cha usiku ni saa 3 au 4. Mchana tafuta menú del día, bei moja kwa sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo. Kama huli nguruwe uliza kwanza, maana kule mapaja yake yananing'inia darini kama mikungu ya ndizi.

Jioni nikapita Thyssen, na hapa niwape umbea kidogo. Baroni Hans Heinrich Thyssen-Bornemisza alikuwa na mojawapo ya mikusanyiko mikubwa binafsi ya picha duniani, na nchi kadhaa ziliitaka. Lakini mwaka 1985 alikuwa amemuoa Carmen Cervera, Miss Hispania wa mwaka 1961. Jumba likafunguliwa Madrid mwaka 1992, na mwaka uliofuata Hispania ikainunua ile mali kwa dola milioni 350. Hata ile rangi ya kuta, kama ya nyama ya samaki salmoni, inasemekana ni chaguo la mama mwenye nyumba. Wanawake tusidharauliane.

IJUMAA: TWIGA WA PRADO

Prado jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 12 hadi saa 2 usiku, ni bure. Jumapili ni kuanzia saa 11 hadi saa 1. Foleni inazunguka jengo, ila inakwenda. Mume wangu aliomba ruhusa mapema, akaja na suti yake ya bandani, amechoka.

Niwaambie ukweli, tuligombana ndani ya dakika 10. Yeye anatembea makumbusho kama anayewahi daladala ya mwisho: anatupa jicho, anasema "sawa," anaenda ukuta mwingine. Mimi nataka kusimama. Nikamwambia, "Wewe kila kitu unakipita tu." Akanyamaza. Wote tulijua sikuwa naongelea picha.

Sijui akili ya wapi iliniijia. Nikamwambia tuachane, kila mtu aende kwake, tukutane mbele ya Las Meninas baada ya dakika 40, na kila mmoja aje na picha moja ya kumwonyesha mwenzake. Wapendanao mnaokwenda makumbusho, fanyeni hivyo. Kutembea mmeshikana mikono saa mbili nzima ni kuchoshana.

Yeye ndiye aliyetangulia kufika, na nilimkuta anatabasamu, kitu nilichokuwa nimekisahau. Akanivuta mpaka kwenye picha ya milango mitatu ya Hieronymus Bosch, Bustani ya Starehe, iliyochorwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Imejaa vituko: watu uchi wamepanda wanyama, ndege wakubwa kuliko binadamu, na upande wa kulia jehanamu yenye ala za muziki zinazotesa watu. Lakini yeye alinyoosha kidole upande wa kushoto, penye Adamu na Hawa. "Muone," akasema. Twiga! Twiga mweupe, amesimama peponi, shingo yote. "Nimeshinda wiki nzima nauza twiga kwa Wahispania, kumbe wanaye hapa siku zote." Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia.

Mimi nikampeleka kwa Pareja. Alimtazama kwa muda, akasema, "Huyu amesubiri sana." Hakuongeza neno.

Tukitoka tukapitia Goya, zile picha 14 za giza alizochora kwenye kuta za nyumba yake uzeeni, akiwa kiziwi. Hazikuchorwa ziuzwe wala zionwe na wageni. Baadaye sana ndipo zikahamishiwa kwenye vitambaa. Kibao hakisemi, lakini nilikuwa nimesoma hotelini: Goya na mke wake Josefa walizaa watoto kadhaa, akakua mmoja tu, Javier. Nilitaka kumwambia mume wangu. Nikameza.

JUMAMOSI: HOSPITALI

Wikiendi wenzake walishika zamu bandani, kwa hiyo tulikuwa na siku zetu mbili. Jumamosi asubuhi tukaenda Reina Sofía. (Hapa msije Jumanne, hufungwa.) Kwa nje tu nilisita. Lile jengo la zamani la karne ya 18 lilikuwa Hospitali Kuu ya Madrid, na lilifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1965. Korido ndefu, dari za juu, madirisha makubwa, sakafu zinazotoa mwangwi. Ukishawahi kusubiri matokeo kwenye korido, unaijua korido ya hospitali hata ikipakwa rangi mpya.

Guernica iko ghorofa ya pili. Ni picha ya karibu mita 8 kwa mita 3 na nusu, nyeusi, nyeupe na kijivu. Tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya soko, ndege za Kijerumani na Kiitaliano zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, kaskazini mwa nchi. Pablo Picasso alikuwa Paris, ameagizwa kuchora kitu kwa ajili ya banda la Hispania kwenye maonyesho ya kimataifa. Akachora hii. Kisha ikakaa ughaibuni miongo mingi, New York, kwa sababu mwenyewe alisema isirudi nyumbani mpaka uhuru urudi. Alikufa mwaka 1973, Franco akafuata mwaka 1975, picha ikarudi mwaka 1981, na mwanzoni walikuwa wakiionyesha nyuma ya kioo kisichopenya risasi. Kwa hiyo mzee wa Madrid akisimama pale na fimbo yake haangalii sanaa tu, anaangalia habari za nyumbani kwao. Tangu mwaka 2023 imeruhusiwa kupiga picha, na chumba kimejaa simu zilizoinuliwa. Mimi ningeacha marufuku.

Hakuna aliyenionya kuhusu upande wa kushoto. Upande wa kushoto kuna mama. Kichwa amekitupa nyuma, mdomo wazi, ulimi umechongoka kama msumari. Mikononi ana mtoto, na kichwa cha mtoto kinaning'inia.

Nilitazama chini. Nilipoinua macho kumtafuta mume wangu, hakuwepo.

Nilimkuta bustanini, ua wa katikati ya lile jengo, amekaa kwenye benchi bila koti. Nikadhani anaumwa. Nikakaa. Pakapita muda.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema.

Sikumwelewa.

"Mtoto. Alikuwa na nywele nyingi sana, nyeusi. Kama zako."

Mimi sikuwahi kumuona mwanangu. Nilikuwa nimelala na dawa, na nilipozinduka niliambiwa kila kitu kimeshafanyika, na kwetu ukiambiwa hivyo huulizi. Pale kwenye benchi ndipo nikasikia. Nesi alimkabidhi akiwa amefungwa kwenye khanga yangu, ile ya maua ya njano ambayo nilikuwa nimeitafuta kabatini miezi na miezi. Kaka yake aliendesha gari. Yeye alikaa nyuma, amempakata, kutoka hospitali mpaka makaburini, na kulikuwa na foleni. "Nilikuwa namwambia kaka asikimbize," alisema. "Nilitaka foleni iendelee."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema wazee walimkataza: usimwambie mama chochote, utamtonesha, mwache asahau.

Na siku ya nne? Nikamuuliza hiyo pia, maana nilikuwa nimeitunza. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kumbe ofisini hakuingia. Alikuwa anaegesha gari nyuma ya jengo, anakaa humo mpaka saa 10 jioni, anarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini. Wiki mbili. Bosi wake alijua, akampa likizo bila kumwandikia barua.

Mume wangu alinipita, ndivyo nilivyoamini miezi 16. Kumbe alikuwa kwenye maegesho.

JUMAPILI: KITANDA CHEUPE

Nilikuwa nimepanga Jumapili tupumzike. Yeye ndiye aliyesema, "Hakuna nyingine ndogo?" Mama wa hoteli akatuelekeza kwa Sorolla.

Kama una siku moja tu Madrid, na una mwenzi wako, nenda huko. Ni nyumba ya kweli, ya mchoraji Joaquín Sorolla, yenye bustani aliyoipanga mwenyewe kwa mtindo wa kusini, maji yanatiririka, vigae vya rangi. Sorolla alifiwa na wazazi wote wawili kwa kipindupindu akiwa na miaka miwili. Labda ndiyo maana alichora familia yake bila kuchoka: mke wake Clotilde, mabinti María na Elena, mtoto wa kiume Joaquín. Akisafiri alimwandikia mke wake barua karibu kila siku. Clotilde ndiye aliyeshika mahesabu na mambo ya biashara. Mhasibu mwenzangu! Mwaka 1920 Sorolla alipatwa na kiharusi akichora palepale bustanini, hakushika tena brashi kama zamani, akafariki mwaka 1923. Clotilde alipofariki mwaka 1929 aliiachia serikali nyumba na picha, na mwaka 1932 ikafunguliwa kwa watu. Angalizo: Oktoba 2024 ilifungwa kwa ajili ya upanuzi, kwa hiyo hakikisha kama imefunguliwa kabla hujapanga siku yako.

Kuna picha pale inaitwa Madre, Mama. Aliianza mwaka 1895, Elena alipozaliwa. Karibu yote ni nyeupe: ukuta mweupe, kitanda cheupe, shuka jeupe kubwa kama uwanja. Vichwa viwili tu ndivyo vinavyoonekana. Mama amelala amegeukia mtoto, na mtoto ni kinyago kidogo chekundu kwenye mto. Basi.

Nilitarajia itaniumiza kuliko Guernica. Haikuniumiza hivyo. Nilimtazama yule mama akimtazama mtoto wake, na mume wangu akanishika bega, akauliza kwa sauti ya chini, "Unataka kutoka?" Nikasema hapana. Tukakaa. Bibi na babu mmoja wa Kihispania, wamependeza kwa Jumapili yao, bibi na koti la manyoya, walikuja wakasimama pembeni yetu. Bibi akasema kitu ambacho hatukukielewa, akampangusa mumewe vumbi begani, wakaenda zao.

Dukani tulinunua postikadi moja ya ile picha. Jioni tukala churro na chokoleti nzito San Ginés, mahali ambapo wanauza tangu mwaka 1894, na mume wangu akajimwagia ile chokoleti kwenye suti ya bandani. Tulihangaika nayo mpaka usiku kwa sabuni ya hoteli, haikutoka.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Dar, alinipeleka makaburini. Njiani alinyamaza, na mimi nilimwacha. Kaburi ni dogo, lina mwarobaini pembeni na matofali manne aliyoyapanga yeye. Nyasi zilikuwa zimefyekwa karibuni. Nikamuuliza nani anafyeka.

"Mimi," akasema. "Kila mwezi."

Nikavua viatu, nikakaa chini.